Kuku Mgeni

Boksi lilishuka stendi ya Moshi saa tatu usiku,
limefungwa kwa mpira wa baiskeli, limeandikwa kwa kalamu nzito:
MAYAI. SINGIDA. KONDA, USIWEKE MZIGO JUU.
Konda aliweka mzigo juu. Gunia la vitunguu.
Nikalitegea sikio, kama ninavyotegea saa iliyokufa.

Thelathini ndani ya pumba, mawili yamepasuka.
Namkunda akasema, Tia mashineni, unangoja nini?
Nikamwambia yametikiswa njia nzima, yaache yatulie,
ncha chini, mpaka kesho saa kama hii,
ile hewa ndani ya ganda irudi mahali pake.
Akacheka: Mimi nilitoka Same kuja kuolewa hapa,
nani aliniacha nitulie?

Mashine ni friji bovu la soda, balbu mbili,
bakuli la maji, na kipimajoto nilichomwazima nesi, sijarudisha.
Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu;
mikono yangu ina nafasi.
Kila yai nililichora X huku, O kule,
nikageuza kama anayeitia saa ya ukutani ufunguo:
bila haraka, bila kusahau.

Siku ya saba tulizima taa, tukamulika kwa tochi.
Saba matupu, mwanga ulipita kama kwenye bilauri.
Mengine yana mishipa
myembamba kuliko springi ya saa ya kike,
na katikati kitone kinachopiga.
Ni saa ngapi humo ndani? akauliza.
Sikuwa na jibu.

Siku ya kumi na sita, mvua ya Aprili,
transfoma ya Pasua ikalia kama bunduki.
Tulichemsha maji kwenye mkaa, tukajaza chupa za bia,
tukazivika soksi, tukazilaza katikati ya mayai.
Saa nane usiku, nyuzi thelathini na tano.
Saa kumi, thelathini na tatu.
Namkunda akavua kitenge chake akalifunika friji.
Umeme ulirudi pamoja na adhana.

Tisa hayakusema kitu tena.
Kumi na moja walitoka siku ya ishirini na moja,
wamelowa, wabaya, kama mafagio ya chooni.
Wa kumi na mbili alitoboa kitundu, akakoma hapo.
Usiku mzima analia kwa kitundu kile.
Nikachukua kibano changu.
Namkunda akanishika mkono: Damu ingali kwenye utando.
Ukimfungulia atakuvujia. Mngoje.
Mimi, niliyefungua vifuniko vya saa vya mji huu,
nikakaa na kibano mapajani.

Alitoka kesho yake jioni, miguu imeachana kama bikari.
Wenzake wakamkanyaga.
Nikamhamishia boksi la viatu, na chupa yake ya moto,
tone la glukosi kwenye ncha ya mdomo,
ncha tu, asije akapaliwa.
Miguu nikaiunganisha kwa plasta na uzi mwekundu,
nikaacha nafasi ya kupitisha kijiti cha kiberiti.
Kuku mgeni, akasema Namkunda, hakosi kamba mguuni.

Namtazama yeye tu. Sikuona
wawili wenye nguvu walioziba nyuma kwa kinyesi kikavu.
Kitambaa na maji ya vuguvugu vingetosha.
Niliwazika chini ya mgomba,
na Namkunda hakunilaumu, ndiyo ikauma.

Leo nimemfungua uzi.
Kasimama. Kaanguka. Kasimama, kaegemea ukuta wa boksi.
Nikateremsha mkono apate joto,
akaiona saa yangu, mshale wa sekunde unatembea,
akadhani sisimizi.
Akadonoa. Kioo kikalia ti.
Akainamisha kichwa, akaungoja uzunguke,
ulipofika akadonoa tena.